Hoteli ya zamani mjini au lodji mpya pembezoni? Sikukuu moja Dodoma, vitanda vya aina mbili

Mwaka 1986 baba yangu aliitwa semina Dodoma na chama cha ushirika alichokuwa karani wake. Alirudi na daftari jipya, kalamu mbili na kipande cha sabuni chenye ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa jina la hoteli aliyolala. Foleni za sabuni za miaka michache nyuma tulikuwa hatujazisahau, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukiogea. Mama alikitia kabatini katikati ya kanga zake, na kwa miaka mingi kanga za nyumba ile zilinukia Dodoma, mji ambao katika sisi wote ni Baba peke yake aliyewahi kuukanyaga.

Basi nikisema kwamba Krismasi ya 2024 nilichagua hoteli, nitakuwa nadanganya. Hoteli ilishachaguliwa kabla sijaanza shule. Baba ametangulia mbele ya haki, Mama ametimiza miaka 71, treni ya SGR imeanza kufika Dodoma Julai ya mwaka huo huo, na wajukuu wanalilia kuipanda. Jina la kwenye ile karatasi hakuna anayelikumbuka. Nikatafuta hoteli ya rika hilo, ya ghorofa, katikati ya mji. Mama alipoonyeshwa picha ya ngazi kwenye simu akasema, "Ndiyo hiyo hiyo." Hajawahi kufika, lakini alivyokuwa na hakika, nani wa kubishana naye?

Tulilala pale siku tatu, kuanzia tarehe 23 Desemba. Tarehe 26 asubuhi tukahama, tukamalizia siku tatu nyingine katika lodji mpya Ilazo, mtaa wa pembezoni mwa mji. Watu wale wale watano, wiki ile ile, pochi ile ile. Hoteli siitaji jina, na lodji pia siitaji. Za namna hizo Dodoma zipo tele, na ninacholinganisha hapa ni aina ya malazi, si mlango wa mtu.

Mji huu una kalenda yake

Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kuangalia picha, uliza tarehe. Dodoma ni mji wa vikao. Bunge hukutana huko mara nne katika mwaka wa kawaida: mwanzoni mwa mwaka, kisha lile refu la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, halafu karibu na Septemba, na Novemba. Katika majuma hayo wanashuka wabunge, maofisa, madereva wa maofisa, waandishi wa habari na watu wa asasi wenye mabango yao, na chumba cha elfu hamsini kinageuka cha elfu themanini bila kubadilishwa hata shuka. Tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, majuma ya katikati nayo yamejaa semina. Ongeza Nanenane, maonesho ya wakulima ya siku nane za kwanza za Agosti, ambapo uwanja wa maonesho wa Nzuguni unameza kila kitanda cha upande ule.

Desemba ni kinyume chake. Kuanzia tarehe 20 hivi watumishi wanafunga ofisi, wanaelekea kwao: Moshi, Bukoba, Mbeya, Mwanza. Mji unapumua. Mimi nilidhani hiyo ni heri yetu: vyumba vitakuwa wazi, bei itashuka, tutahudumiwa kama wafalme. Vyumba kweli vilikuwa wazi. Katika ghorofa yetu nzima tulikuwa sisi na bwana mmoja mwenye kikohozi.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba hoteli kubwa ya zamani katika mji wa namna hii haiishi kwa watu kama mimi. Inaishi kwa ukumbi. Mteja wake ni wizara, ni mradi, ni shirika linaloleta watu arobaini kwa siku mbili, chai ya saa nne na chakula cha mchana juu yao. Anayelala hapo analipiwa. Akikuta bomba halitoi maji ataguna, atajipaka mafuta, atashuka kwenye semina, kesho kutwa yupo kwao. Nani atajisumbua kubadilisha mabomba kwa ajili ya mtu huyo? Na ukumbi ukifungwa kwa sikukuu, hoteli nzima inakwenda likizo huku milango iko wazi. Meneja alikuwa kwao. Mpishi mkuu alikuwa kwao. Mapokezi alibaki kijana wa fildi kutoka chuoni, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye kwa siku tatu kazi yake ilikuwa kutuomba radhi kwa makosa ya watu wengine.

Bei haikwenda likizo. Shilingi 110,000 kwa chumba, ubao ule ule wa msimu wa Bunge.

Lodji ya Ilazo inaishi kwa wateja tofauti: mzazi aliyeleta mtoto Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mtu aliyekuja kufuatilia barua yake Mji wa Serikali kule Mtumba, wanaokuja harusini, wanaokuja msibani. Watu hao hawana msimu, wanalipa kutoka mfukoni mwao, na asiyeridhika anahamia geti la pili. Mwenye lodji, mama mstaafu wa wizara fulani, anakaa nyumba ya nyuma ya ua huo huo. Sikukuu alikuwepo, kwa sababu hapo ndipo kwake.

Maji, maji, maji

Kama una haki ya kuuliza swali moja tu kabla ya kulipia chumba Dodoma, lisiwe la runinga wala la kiyoyozi. Uliza maji yanahifadhiwa wapi na ni kiasi gani.

Mji upo katika ukanda wa nusu jangwa, mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili. Tegemeo kubwa la maji ya bomba kwa miongo mingi limekuwa visima vya Mzakwe, kaskazini mwa mji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Maji hayakuongezeka kwa mwendo huo. Kwa hiyo mitaa mingi hupata kwa zamu, na tofauti kati ya malazi mazuri na mabaya ni tenki tu.

Hoteli yetu ya mjini ilikuwa na tenki la zege juu ya paa, la tangu enzi, na mabomba ya chuma yaliyopita ndani ya kuta. Bomba la chuma linapozeeka linaota kutu kwa ndani, njia inakuwa nyembamba kama mshipa wa mzee, na chumvi ya maji ya huku inamalizia kazi. Tulikuwa ghorofa ya tatu. Jioni ya kwanza maji yalitoka ya rangi ya chai ya rangi, yakakohoa mara mbili, yakakata. Saa 3 usiku kijana wa mapokezi na mlinzi walipandisha ndoo nne kwa mikono. Lifti ilikuwepo, ndiyo, na ndani yake walikuwa wameweka viti vya ukumbini.

Maji ya moto yalitangazwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango: saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Ni bwela moja la jengo zima. Likiwashwa kwa ajili ya wageni sita, usitegemee. Mama aliogea maji ya kupasha kwa birika la chai lililokuwa chumbani, akasema hajaoga hivyo tangu Sikonge, kule Tabora, na alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu kufurahi.

Na sabuni? Bafuni kulikuwa na kipande cha mche wa kufulia, kimekatwa kwa kisu, bila karatasi. Mama alikigeuza kiganjani, akakirudisha mahali pake, asiseme kitu.

Ilazo: simtanki mbili za lita 5,000 juu ya mnara, kila chumba na shawa yake ya umeme. Maji yanatoka ukifungua, basi. Ila haki itendeke: maji yale ni ya kisima chao wenyewe, na visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Sabuni haitoi povu, unasugua mpaka unakata tamaa, nywele zinakuwa kama katani, na chai ikipikiwa maji hayo hata sukari haiisaidii. Tulinunua dumu la lita 18 la maji ya kunywa kwa ajili ya chai na kupiga mswaki. Hizo shawa za umeme nazo zina ubaya wake, maana chumvi inakula koili, na fundi asipofunga waya wa ardhini sawasawa, bomba linakutekenya ukiligusa. Ukitekenywa, zima, toka, omba chumba kingine. Usivumilie.

Chumba chenyewe

Hapa hoteli ya zamani inashinda, tena kwa mbali, na sitaki kuificha.

Wajenzi wa zamani walijua joto. Kuta ni nene, dari ipo juu kiasi kwamba hata nikisimama kitandani siigusi pangaboi, dirisha lina kivuli chake, na sakafu ya terazo unaikanyaga peku mchana wa Desemba ukasikia raha mpaka utosini. Saa 8 mchana, jua la Dodoma likiwa limesimama kama askari, chumba kile kilikuwa baridi bila kuwasha chochote. Ilazo, saa hiyo hiyo, dari ya jipsamu iko chini, bati liko juu yake, madirisha ya alumini yanafunguka nusu. Ni tanuri. Kiyoyozi kikizimika kwa sababu ya umeme, unatoka nje ukakae chini ya mwarobaini pamoja na mlinzi, ambako, nikiri, ndiko nilikopata mazungumzo mazuri kuliko yote ya safari ile.

Lakini chumba si kuta peke yake. Godoro la hotelini lilikuwa na bonde katikati. Mimi na mke wangu tulijikuta tunakutana huko usiku kucha bila kupenda. Neti ilikuwa na tundu lililofungwa kwa kifundo. Soketi mbili kati ya nne zilikuwa mapambo. Picha nilizoziona kabla ya kulipa zilipigwa wakati magodoro yakiwa mapya, na hakuna mahali palipoandikwa ni mwaka gani. Lodji ina godoro gumu jipya, bado lina nailoni pembeni, shuka nyeupe, taulo mbili. Watoto walilala bila kugeuka.

Kelele ni suluhu. Mjini kuna baa, pikipiki, na wauza kahawa wanaogonganisha vikombe. Ilazo kuna mbwa, kuna jirani anayejenga hata siku ya pili ya Krismasi, na kuna spika ya kanisa moja dogo inayokesha. Kuna jambo jingine nalisema kwa adabu kwa sababu tulikuwa na watoto: lodji nyingi za pembezoni hupokea pia wageni wa kukaa saa mbili tu. Kitabu cha wageni wanajaza kama sisi, jina, kabila, utokako, uendako, kisha magari yao yanaondoka kabla ya isha. Kwetu hawakuwa wasumbufu, lakini mwanangu wa miaka tisa aliuliza kwa nini watu wanakuja Dodoma bila mabegi. Omba vyumba vya upande wa nyumba ya mwenyewe. Huko pametulia.

Kula siku ya Krismasi

Menyu ya hotelini ilikuwa na kurasa sita. Ukitaja samaki, hakuna. Ukitaja pilau, mpishi wa pilau hayupo. Mwishowe kijana alitusaidia: "Mzee, kuna chipsi kuku na chipsi mayai." Siku ya Krismasi yenyewe, baada ya kusubiri saa moja na dakika arobaini, zikaja sahani tatu kwa watu watano, kwa sababu gesi iliisha katikati. Mama aligawa kuku wake kwa wajukuu akasema ameshiba harufu.

Na kifungua kinywa kilichokuwemo kwenye bei? Mkate, yai la kuchemsha, tikiti maji, chai ya thermos iliyolala. Siku ya pili tikiti lilikuwa lile lile, nililitambua kwa kovu.

Lodji haina mgahawa wa kujivunia. Ina jiko, dada mmoja mpishi, na utaratibu: useme asubuhi utakachokula jioni. Tarehe 26 tuliagiza kuku wa kienyeji wawili, na jioni walikuja wakiwa wameiva kwa mkaa, na ugali, na mlenda ambao hatukuuagiza. Mwenye nyumba alikuwa amesikia Mama anajaribu kumsalimu mlinzi "Mbukwa", neno moja la Kigogo alilofundishwa na Baba, akapendezwa, akaleta mlenda mwenyewe mkononi. Wakakaa barazani, wajane wawili wa rika moja, wakazungumza mpaka saa 5 usiku habari za pensheni na magoti. Chakula kile kilitugharimu elfu 60 wote. Hotelini sahani tatu za chipsi zilikuwa elfu 54.

Mjini, hata hivyo, huhitaji jiko la hoteli. Ukitoka nje kuna wachoma nyama, kuna mihogo, kuna ndizi za kuchoma jioni. Tungekuwa wawili tu, bila mtoto mdogo na bila bibi, tungekula nje kila siku na nisingekuwa na malalamiko haya. Zabibu sahau. Mama alikuja akitaka zabibu za Dodoma, na mavuno yake makubwa ni mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Desemba soko la Majengo lilitupa maembe.

Miguu ya Mama

Hili ndilo lililonifanya nisite kuhama. Kutoka hotelini, asubuhi ya Krismasi, Mama alitembea kwa miguu yake hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana, amevaa kitenge kipya, ameshika mkono wa mjukuu, na akarudi kwa miguu. Kwa mtu mwenye magoti yake hiyo ni sikukuu tosha. Jioni tulikwenda Nyerere Square kama watu wanaokwenda uani: watoto wanakimbia, wapiga picha wanakugombania, upepo wa jioni unashuka. Ukichoka, kitanda hiki hapa.

Ilazo kila kitu ni bajaji. Mchana elfu tatu, usiku elfu tano, na mvua ilipopiga tarehe 27, barabara ya mtaa ikawa korongo, dereva akatuacha mbali na kusema, "Bosi, hapa mwisho wangu." Mke wangu alimbeba mdogo, mimi nikamshika Mama, tukatembea kwenye tope la rangi ya matofali. Isitoshe, lodji zote mtaa ule zina geti jeusi, ukuta wa krimu na jina linaloanza na jina la mtoto wa mwenye nyumba. Bajaji ya kwanza ilitupeleka lodji mbili zisizo zetu.

Lakini ndani ya hoteli ile ile iliyompeleka kanisani kwa miguu, Mama alipanda ngazi 58 kila alipotaka kulala. Nilizihesabu tarehe 24 usiku, nikiwa nyuma yake, yeye anashika ukingo na kupumzika kila kona. Vyumba vya chini? "Vimewekwa kwa ajili ya viongozi." Viongozi gani, Krismasi? Kijana alitazama chini. Agizo halikuwa lake.

Lodji ni ya chini yote. Hakuna ngazi hata moja.

Hesabu

Hoteli: vyumba viwili, siku tatu, 660,000. Lodji: bei ilikuwa 55,000, mwenyewe akapunguza hadi 50,000 kwa kuwa tunakaa siku tatu, jumla 300,000, na bajaji tulizozitumia tukiwa huko 68,000. Hata ukiongeza dumu la maji, ni kama nusu. Hotelini nilipata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuuliza, lodji niliiomba na ikachukua nusu saa kupatikana mashine. Ukisafiri kwa gharama za ofisi, hilo ni jambo la kuuliza mapema.

Tulilipa hotelini siku zote sita kwa simu kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Huo ndio ujinga wangu mkubwa, mkubwa kuliko kuchagua hoteli kwa sabuni. Kurudishiwa siku tatu zilizobaki kulihitaji sahihi ya meneja, na meneja alikuwa na mtandao wa kusuasua huko kwao. Pesa ilirudi mwisho wa Januari, pungufu ya asilimia kumi ya "usumbufu". Wa nani, hawakueleza. Lipa siku ya kwanza tu. Ukipenda, siku ya pili utailipia asubuhi.

Intaneti: hotelini inafika mapokezi, lodji inafika mpaka chini ya mwarobaini. Usije Dodoma kwa ajili ya intaneti.

Kuna mlango wa tatu

Dada yangu na mumewe walitokea Singida tarehe 24 wakalala kwenye hosteli ya kanisa, mjini kabisa, chumba elfu 35. Sakafu inang'aa, maji yapo, neti nzima, chai na maandazi ya moto. Hakuna pombe, hakuna runinga chumbani, geti linafungwa saa 4 usiku na mlinzi hana utani. Shemeji yangu aliona kama yuko bwenini tena. Mimi nilipoona bafu lao nilinyamaza. Tatizo lake ni moja: vitanda ni vya mtu mmoja mmoja, vyumba ni vichache, na sikukuu hujaa watu wa kanisa wenyewe. Piga simu Oktoba.

Kwa hiyo, ulale wapi?

Ukija peke yako kwa kikao, umelipiwa, ukumbi uko chini ya chumba chako: hoteli ya zamani inatosha, na kuta zile zitakufaa. Sema tu upewe ghorofa ya kwanza, na ukiingia fungua bomba kabla hujafungua begi. Ukiwa na mzee au mtoto, hasa majuma ambayo ofisi zimefungwa, nenda lodji ambayo mwenye nyumba analala hapo hapo. Hilo la mwenyewe kuwepo nalipa uzito kuliko nyota zozote zilizochorwa getini. Hosteli ni kwa anayelala mapema.

Mke wangu hakubaliani nami. Anasema shida haikuwa uzee wa hoteli, ni uvivu wa wenye hoteli, na kwamba jengo lile lingepewa mabomba mapya ya plastiki, magodoro, na mpishi mmoja wa zamu, hakuna lodji Dodoma ingeligusa. Nimemwambia ni kweli, ila sisi tulilala humo Desemba 2024, hatukulala kwenye jengo la mawazo yake.

Tarehe 29, treni ikiwa ya mchana, Mama alivaa mapema akasema anataka kwanza chai. Nikamwambia chai ipo hapa. Akasema si hapa, ni kule kwenye hoteli ya baba yako. Tukapakia mabegi kwenye bajaji mbili, tukarudi mjini. Ile baraza ya mbele, ambayo siku tatu tulikuwa tunaipita tukikimbilia kulalamika mapokezi, ina viti vya mbao vizito na kivuli ambacho hakikununuliwa dukani. Chai ilikuwa ya thermos ile ile. Mama aliinywa polepole, vikombe viwili, akitazama barabara.

Kijana wa fildi alikuja kutuaga. "Shikamoo bibi, mtusamehe sana." Mama akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kama hoteli bado ina zile sabuni ndogo zenye karatasi. Kijana hakujua anaulizwa nini. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kipande kipya cha mche, amekifunga kwenye karatasi ya risiti yenye jina la hoteli juu.

Katikati ya Agosti tunarudi, Nanenane ikiisha, zabibu zikiwa sokoni. Ilazo nimelipia siku ya kwanza tu. Chai ya saa 10, Mama ameshasema, ni barazani mjini.